Kusaidiwa kufa kwa mgonjwa asiyepona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo ndugu wa wagonjwa hutuuliza sisi wauguzi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona: kwenye korido, kwenye simu usiku, na mara nyingi mazishi yakishapita. Wengi hawaulizi kuhusu sheria. Husema tu, "Nesi, kweli hakuna namna ya kumpumzisha?" Majibu yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye hali za pembeni. Pale jibu moja linapogusa lingine, nimekuelekeza kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kusaidiwa kufa kitabibu ni nini hasa?

Ni pale mgonjwa mwenye akili timamu anapoomba mwenyewe, na daktari akampa njia ya kuyakatisha maisha yake chini ya sheria inayoruhusu. Kuna aina mbili. Katika ya kwanza daktari anaandika dawa na mgonjwa anainywa kwa mkono wake. Ndivyo ilivyo Oregon, Marekani. Katika ya pili daktari ndiye anayechoma sindano. Hiyo ndiyo iliyozoeleka Uholanzi, Ubelgiji na Kanada.

Neno la kushika hapo ni "anaomba mwenyewe". Ndugu wakikaa kikao na kuamua kwamba mzee ameteseka vya kutosha, hilo ni jambo jingine kabisa. Hakuna sheria ya kusaidiwa kufa ninayoifahamu inayoruhusu familia kumwombea kifo mtu mzima mwenye fahamu zake (tazama swali la 14).

2. Kuzima mashine ya kupumulia, au mgonjwa kukataa matibabu, si ni kitu kilekile?

Hapana, na kuchanganya mambo haya kumewatesa watu wengi bure. Nimewahi kukutana na mama aliyebeba hatia kwa muda mrefu kwa sababu alikubali mumewe asirudishwe ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Alijiona amemuua.

Mgonjwa akikataa dripu, dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) au mzunguko mwingine wa kemotherapia, kinachomwondoa ni ugonjwa wake. Mashine ikizimwa kwa sababu haimponyi tena bali inarefusha tu kukata roho, ni hivyo hivyo. Mwaka 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alisema mgonjwa halazimiki kupokea matibabu yasiyo ya kawaida, na madaktari halikadhalika. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao wanaruhusu kuacha tiba isiyo na matumaini. Katika kusaidiwa kufa, dawa yenyewe ndiyo inayoua, na hilo ndilo lengo lake.

3. Na morfini je? Si ndiyo kuua polepole?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake baya limewaumiza wagonjwa wengi, kwa hiyo nitalikalia.

Morfini tunayotumia zaidi ni ya maji, ya kunywa. Huja kama unga, ikachanganywa na maji safi na dawa ya kuhifadhi, kisha ikatiwa kwenye chupa za plastiki. Mgonjwa hupewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita chache kila baada ya saa nne. Dozi ya kulalia huongezwa ili asiamshwe na maumivu usiku wa manane. Tunaanza na kidogo, tunamsikiliza, tunapandisha taratibu. Pamoja nayo lazima apate dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu kitampata. Usingizi huo mara nyingi ni deni la majuma aliyokaa macho kwa maumivu.

Ikitolewa hivyo, haiui. Dozi ikiongezwa kwa mkupuo bila mpangilio, ndiyo, inaweza kumfanya mtu ashindwe kupumua, na ndiyo maana hutolewa na aliyefunzwa. Hofu ya uteja nayo haina mahali pake kwa mtu mwenye saratani anayepewa dozi inayolingana na maumivu yake. Kinachofanya watu waamini kwamba "ile dawa ndiyo iliyommaliza" ni kwamba kwetu morfini huletwa mwishoni kabisa, siku mbili kabla ya kifo. Basi dawa na kifo vinaonekana kuandamana. Ingeletwa mapema, mgonjwa angekaa, angeongea, angekula, na majirani wangeona tofauti.

4. Nchi gani zinaruhusu kusaidiwa kufa?

Uswisi ndiyo ya zamani zaidi kwa namna yake. Sheria yake ya jinai, iliyoanza kutumika mwaka 1942, inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa sababu za ubinafsi, hivyo asiye na maslahi haadhibiwi. Oregon ilianza mwaka 1997. Uholanzi na Ubelgiji 2002, Luxembourg 2009, Kanada 2016, Hispania na New Zealand 2021. Kolombia ilianzia mahakamani mwaka 1997. Australia ilikwenda jimbo kwa jimbo kuanzia Victoria mwaka 2019, na kufikia mwishoni mwa 2023 majimbo yote sita yalikuwa na sheria inayofanya kazi.

Uingereza, muswada wa mbunge Kim Leadbeater unaohusu England na Wales ulipita baraza la chini la Bunge tarehe 20 Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, ukapelekwa baraza la juu. Barani Afrika hakuna nchi inayoruhusu.

## Oregon na wengine waliotangulia

5. Kwa nini kila mjadala hurudi Oregon?

Kwa sababu sheria yake ina umri, ina masharti machache yanayoeleweka, na idara ya afya ya jimbo hutoa takwimu kila mwaka. Wananchi waliipigia kura mwaka 1994 ikapita kwa tofauti ndogo, ikazuiwa mahakamani, na mwaka 1997 walipoulizwa tena kama waifute, takriban asilimia 60 walikataa kuifuta. Serikali ya shirikisho ilijaribu kuwabana madaktari kupitia sheria ya dawa za kulevya, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikatalia.

Masharti ni haya: awe na miaka 18 au zaidi, awe na akili timamu, na madaktari wawili wakubaliane kwamba ugonjwa utamuua ndani ya miezi sita. Anaomba kwa mdomo mara mbili, siku 15 zikipita katikati, na kwa maandishi mara moja mbele ya mashahidi wawili. Tangu 2020 siku hizo zinaweza kurukwa kwa mgonjwa ambaye hatazifikia. Daktari akiona dalili kwamba sonona au ugonjwa mwingine wa akili unamvuruga uamuzi, lazima ampeleke kwa mtaalamu. Na dawa anakunywa mwenyewe.

Mwaka 2023 watu 560 waliandikiwa dawa, na waliokufa kwa kuinywa walikuwa 367. Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa pamoja. Kila mwaka wapo wanaoichukua dawa, wakaiweka kabatini, na ugonjwa ukawachukua bila wao kuigusa. Kwa hao, kujua tu kwamba ipo kulikuwa faraja ya kutosha. Wanaoitetea sheria hii hulitaja jambo hili sana, na naona wana haki ya kulitaja.

6. Wanaoomba kufa huko wanakimbia maumivu, sivyo?

Wengi hudhani hivyo, hata mimi nikisikiliza mijadala yetu nasikia neno "mateso" kila baada ya sentensi mbili. Lakini takwimu za Oregon zinasema kingine. Sababu inayotajwa na takriban tisa kati ya kila kumi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. Inafuatiwa na kushindwa kufanya yale yaliyowapa raha ya maisha, kisha kuvunjika heshima. Maumivu, pamoja na hofu ya maumivu ambayo bado hayajafika, hutajwa na kama theluthi moja tu. Wengi mno wa wanaotumia sheria hiyo tayari wako chini ya huduma ya hospisi, yaani huduma shufaa ya siku za mwisho. Maumivu yao yanatibiwa.

Maana yake ni kwamba mtu anayesema "toeni morfini na hakuna atakayeomba kufa" anakosea. Morfini haimrudishii mtu uwezo wa kwenda chooni mwenyewe. Na anayesema "sheria hii inahitajika kwa sababu watu wanalia kwa maumivu" naye anakosea, kwa sababu dawa ya kilio hicho ipo na ni rahisi.

Kuna sababu nyingine kwenye orodha ambayo mimi huisoma mara mbili: kuogopa kuwa mzigo kwa familia. Hutajwa na takriban wanne katika kila kumi. Hiyo tutairudia kwenye swali la 12.

7. Mlango ukifunguliwa kidogo, hautazidi kupanuka?

Inategemea umetazama wapi. Oregon imebadilisha machache kwa zaidi ya robo karne: zile siku 15, na sharti la kuwa mkazi wa jimbo, ambalo halipo tena. Sharti la miezi sita na la kunywa mwenyewe vimebaki palepale.

Kanada ni hadithi tofauti. Mahakama yake ya Juu ilifuta marufuku mwaka 2015, sheria ikaja 2016 kwa wale ambao kifo chao kinatarajiwa. Mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa, na sasa hata mtu ambaye hafi karibuni anaweza kuomba akiwa na ugonjwa au ulemavu mzito usiotibika, ila tathmini yake lazima ichukue siku 90 au zaidi. Walio na ugonjwa wa akili pekee walipangiwa kuingizwa nao, na hatua hiyo imeahirishwa mara kadhaa, hadi Machi 2027. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hii Kanada walikuwa 15,343, yaani asilimia 4.7 ya vifo vyote. Uholanzi mwaka huohuo walikuwa 9,068, asilimia 5.4.

Vyama vya watu wenye ulemavu Kanada vimepinga mabadiliko ya 2021 kwa nguvu, na hoja yao inaeleweka hata Mbagala: ukimpa mtu ruhusa ya kufa kabla ya kumpa nyumba yenye ngazi anazoweza kupanda na mtu wa kumsaidia kuoga, umemwonyesha wapi umeona ni rahisi.

## Huku kwetu

8. Sheria za Tanzania na Kenya zinasemaje?

Zinakataza bila kuzunguka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 216, inampa kifungo cha maisha anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua. Kenya ni kifungu cha 225, na adhabu ni hiyohiyo. Anayechoma sindano mwenyewe anaingia kwenye mauaji, na ridhaa ya mgonjwa haimwokoi. Sheria ya Tanzania, kwenye kifungu cha 203, imetamka wazi kwamba hata anayeharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua tu, amesababisha kifo hicho. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inalinda uhai katika ibara ya 26.

Kuna lililosogea: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Baadhi ya watu wameielewa kama hatua ya kwanza kuelekea kusaidiwa kufa. Siyo. Uamuzi ule ulihusu kumtibu mtu mwenye maumivu ya nafsi badala ya kumfunga, na anayemsaidia mwingine kujiua bado ni mhalifu kama zamani.

9. Si Afrika Kusini waliruhusu?

Ilikuwa hukumu ya mahakama moja, kwa mtu mmoja ambaye tayari alikuwa amefariki, na baadaye ikatenguliwa. Robin Stransham-Ford, wakili aliyekuwa na saratani ya tezi dume, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba daktari aruhusiwe kumsaidia. Tarehe 30 Aprili 2015 Jaji Hans Fabricius akamkubalia. Mahakamani haikujulikana kwamba mwombaji alikuwa amekata roho kwa ugonjwa wake asubuhi ileile. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaitengua hukumu: dai lilikuwa limekufa pamoja na mdai, na ushahidi uliowasilishwa haukutosha kubadili sheria ya nchi. Kwa hiyo Afrika Kusini bado ni marufuku.

10. Dini zinasemaje?

Uislamu unakataza kujiua, na aya ya 29 ya sura ya An-Nisaa husomwa hapo. Roho ni amana na kifo kina siku yake. Kanisa Katoliki linakataza vilevile, na Vatikani ililirudia hilo kwa waraka mrefu mwaka 2020. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya kwetu yanasimama hapohapo.

Ambalo huachwa mara nyingi kwenye mahubiri ni upande wa pili. Dini hizohizo hazimtaki mtu avumilie maumivu yanayoweza kutulizwa. Pius XII, mwaka uleule wa 1957, aliruhusu dawa za kutuliza maumivu hata kama zinaweza kufupisha maisha, mradi lengo liwe kutuliza. Katika Uislamu kutafuta dawa ni jambo linalohimizwa. Shehe au padri akija kumwona mgonjwa wako na kumkuta anagugumia, mwombe aseme hayo kwa sauti mbele ya ndugu wote. Neno lake huenda likafungua chupa ambayo neno langu limeshindwa kuifungua.

11. Kama dawa ya maumivu ni rahisi, kwa nini watu wanakufa wakilia?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti mwaka 2017: dunia inasambaza tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini kwa mwaka, na nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Soma tena hiyo desimali.

Uganda imeonyesha kwamba umaskini peke yake si kisingizio. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa morfini ya maji inayochanganywa palepale nchini. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa huduma shufaa waiandike wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye wilaya nzima huenda inaye mmoja. Na serikali inaitoa bure. Kenya ina Nairobi Hospice tangu 1990 na vituo vingine vilivyoifuata. Tanzania ina taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na hospitali kadhaa za makanisa mikoani zinazowafuata wagonjwa majumbani.

Lakini mtu wa kijijini mwenye saratani ya shingo ya kizazi hugunduliwa ugonjwa umeshasambaa, anaambiwa "mrudisheni nyumbani", na anarudi na panado. Nimemkuta mgonjwa wa namna hiyo amelazwa kwa ubavu kwenye godoro lililotandikwa plastiki, dirisha limefungwa ili harufu isitoke, na watoto wamekatazwa kuingia. Tulimpa morfini, tukasaga vidonge vya metronidazole tukanyunyiza unga wake kwenye kidonda ili harufu ipungue. Harufu ilipopungua dirisha likafunguliwa, na wajukuu wakarudi chumbani. Kabla ya hapo alikuwa akiomba Mungu amchukue kila siku. Baada ya hapo aliomba uji.

12. Basi wewe mwenyewe unaunga mkono au unapinga?

Kwa nchi zetu, kwa sasa, napinga, na sababu yangu ya kwanza si ya dini.

Ruhusa ya kuchagua kufa ina maana pale ambapo mtu ana kingine cha kuchagua. Mgonjwa aliyenyimwa dawa ya maumivu, aliyeuziwa shamba ili alipiwe kitanda, anayesikia usiku wanawe wakipigiana simu kuhusu michango, huyo akisema "niacheni nife" sisikii uhuru ndani yake. Nasikia mzazi anayewahurumia watoto. Mzee wa kwetu yuko tayari kujinyima chakula ili mjukuu alipe ada. Kwa nini asijinyime miezi miwili ya uhai? Oregon, ambako wengi wana bima, hofu ya kuwa mzigo ipo kwa takriban wanne katika kumi. Kwetu ingekuwaje?

Hata hivyo sidai kwamba hoja hii inamaliza kila kitu. Swali la 6 limeonyesha kwamba wapo watakaotaka kufa hata wakihudumiwa vizuri, na wao si wajinga wala si makafiri. Mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomwacha akili timamu huku mwili ukizima kiungo kwa kiungo, akiniuliza kwa nini lazima asubiri hadi ashindwe kumeza, sina jibu la kitabibu la kumpa. Nitakaa naye, nitamweleza kwamba akifika mwisho akabanwa na pumzi tunaweza kumpa dawa ya kumlaza usingizi ili asiuhisi ule mbano, na nitatimiza. Kwa baadhi yao hilo halitoshi. Nalijua, na bado siwezi kuiombea nchi yangu sheria ambayo, kabla ya kumfikia yeye mmoja, itapita kwenye nyumba elfu za watu ambao hatujawapa hata morfini.

## Nyumbani kwa mgonjwa

13. Mgonjwa wangu anasema anataka kufa. Nifanye nini?

Usimkemee. "Usiseme hivyo, utapona" humfunga mdomo, na hataliongea tena hata likiwa zito zaidi. Kaa chini, umuulize: nini kinachokusumbua kuliko vyote leo?

Majibu hushangaza. Mara ni maumivu ya usiku ambayo hakutaka kuyasema ili asiwaamshe. Mara ni kukohoa, kuwashwa, choo kilichofunga siku sita. Mara ni aibu ya kuvuliwa nguo na mkwe. Mara ni deni, au mtoto wa nje ambaye familia haimjui, au ndugu aliyegombana naye muda mrefu na anataka aitwe. Kila moja ya haya lina mtu wa kulishughulikia: muuguzi, ndugu wa jinsia yake, padri au shehe, mzee wa ukoo.

Pia kuna sonona, ambayo kwa mgonjwa mahututi hufichwa na ugonjwa wenyewe. Akiwa halali, hali, hataki kuona mtu, anasema hana thamani tena, mwambie mhudumu wa afya. Inatibika hata kwa mtu aliyebakiwa na miezi michache. Na ukiona ana mpango wa kujidhuru, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, na mtafute mhudumu siku hiyohiyo.

14. Familia inaweza kuamua kwa niaba yake? Hajui hata ugonjwa wake.

Kifo cha mtu mzima mwenye fahamu zake, hapana (swali la 1). Matibabu ya kawaida, ndiyo, ikiwa hana fahamu.

Lakini hiyo sehemu ya pili ya swali ndiyo nzito. Kwetu ni kawaida ndugu kuitwa pembeni, wakaambiwa "ni saratani", kisha wakakubaliana mgonjwa asijue ili asikate tamaa. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba mtu anakufa bila kusema wapi azikwe, nani abaki na nyumba, nani anamdai. Na mara nyingi anajua. Amekuwa akiigiza kwamba hajui ili asiwaumize ninyi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na haki yake ya kukataa matibabu. Mwulizeni kwanza angependa kujua kiasi gani. Akisema "msiniambie, mwambieni kaka yangu", hilo pia ni uamuzi wake, na uheshimiwe.

15. Naweza kuandika mapema kwamba sitaki kuwekwa kwenye mashine?

Andika, lakini usitegemee karatasi pekee. Waambie watu wawili unaowaamini na daktari wako, mbele ya wale ambao unajua watabisha. Ugomvi wa ICU mara nyingi huletwa na ndugu aliyefika siku ya mwisho kutoka mbali, ambaye hakuwahi kusikia.

## Hali za pembeni

16. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyeomba kabla akili haijapotea?

Oregon haiwezekani: wakati akili ingalipo hajafikia miezi sita ya mwisho, na akiifikia akili haipo. Uholanzi inawezekana kwa ombi lililoandikwa mapema. Mwaka 2016 daktari mmoja huko alimhudumia hivyo mwanamke aliyekuwa hawezi tena kueleza anachotaka, akashtakiwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba ombi la maandishi lilitosha. Mimi kesi hii hunikosesha usingizi kuliko zote. Yule aliyeandika na yule aliyekuwa kitandani huenda walitaka vitu viwili tofauti.

17. Watoto?

Ubelgiji iliondoa kikomo cha umri mwaka 2014, kwa mtoto anayeelewa, aliye karibu kufa, na wazazi wakikubali. Uholanzi inaruhusu kuanzia miaka 12, na mwaka 2024 ikaweka utaratibu kwa walio chini ya hapo katika hali za nadra sana. Nchi nyingine nyingi zimeishia 18.

18. Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kwenda Uswisi?

Yapo mashirika huko yanayopokea wageni, Dignitas iliyoanzishwa mwaka 1998 ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini gharama ni kubwa, nyaraka za kitabibu ni nyingi, na ndugu anayepanga safari au kuilipia anaweza kujikuta anahojiwa chini ya vifungu vya swali la 8. Kabla hujafika huko, hakikisha mgonjwa ameonwa na timu ya huduma shufaa. Wengi wanaoulizia safari hiyo hawajawahi kuonwa hata mara moja.

19. Nafanya kazi ya uuguzi Kanada. Naweza kulazimishwa kushiriki?

Kulazimishwa kutoa dawa, hapana. Sheria ya Kanada haimshurutishi mtu yeyote. Ila chombo kinachosimamia madaktari wa jimbo la Ontario kinawataka wasiotaka kushiriki wampeleke mgonjwa kwa anayekubali, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ililiunga mkono sharti hilo. Wauguzi wana miongozo ya bodi zao, soma ya jimbo lako. Mwambie msimamizi wako mapema, kwa maandishi, kabla hujapangiwa mgonjwa. Na ukishasema hutashiriki, endelea kumwogesha, kumgeuza na kumpa maji hadi zamu yako iishe. Kukataa tendo hakukupi ruhusa ya kumkwepa mtu.

20. Cheti cha kifo huandikwa nini, na bima hulipa?

Oregon sheria inasema kifo cha namna hii hakihesabiwi kuwa kujiua, na bima ya maisha haiwezi kukataa kulipa kwa sababu hiyo. Kwenye cheti huandikwa ugonjwa uliokuwa ukimwua, mara nyingi saratani. Kila nchi ina utaratibu wake, hivyo mwenye ndugu ughaibuni aulize huko aliko kabla ya kuanza taratibu za kusafirisha mwili.